Uzito Umekaa Wapi?

Kati ya vyombo vyote vya michezo, sijui kinachoficha siri yake kama tufe la bolingi. Ukilishika unaona ngozi inayong'aa, rangi zilizochanganywa kama za marumaru na matundu matatu ya vidole, basi. Matufe mawili yanaweza kuwa na uzito uleule, upana uleule na ngozi ileile, yakarushwa na mkono uleule, na bado moja likaenda moja kwa moja hadi mwisho huku jingine likipinda ghafla karibu na pini na kuziangusha zote kumi. Kinachoyatofautisha kimefungiwa ndani, na mnunuzi hatakiona mpaka siku atakapolipasua tufe lake kwa msumeno.

Wengi wetu wa kando ya Ziwa Victoria hatujawahi kuucheza mchezo huu. Nairobi upo, pale Village Market. Ndugu zetu walioko Ghuba wanaujua zaidi, maana Dubai na Doha zimeujengea majumba yake. Mwanza ukitaja pini watu wanafikiria fundi cherehani. Haidhuru. Nauleta hapa kwa sababu wachezaji wake wamelichimbua swali ambalo sisi tunaoishi na maji tulipaswa kuwa wa kwanza kulijibu: uzito wa kitu umekaa wapi?

Njia ya bolingi ina urefu wa mita 18.29 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza, na upana wa mita moja na sentimita tano hivi. Sehemu ya mbele hupakwa mafuta, kwa kawaida kiasi cha mita 12. Sehemu ya mwisho huachwa kavu. Tufe likitoka mkononi huteleza juu ya mafuta bila kujali sana linazunguka namna gani. Likifika pakavu hung'ata ubao, hukata kona, kisha hubiringika moja kwa moja hadi mwisho. Mchezaji hodari anataka liingie pembeni kidogo ya pini ya kwanza, kwa kona ya nyuzi 6 hivi, kwa kuwa likiingia namna hiyo pini huangushana zenyewe. Likija limenyooka, hutoboa katikati na kuacha pini mbili zimesimama mbalimbali, na uwanja mzima humcheka aliyerusha.

Zamani watu waliamini kwamba siri yote ni ngozi. Matufe ya zamani yalikuwa ya mti mgumu sana wa Amerika. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukaja mpira mgumu, baadaye plastiki, mwaka 1981 yurethani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 resini inayokamata ubao kwa nguvu. Ni kweli ngozi ina kazi kubwa. Lakini waundaji waligundua kwamba ngozi hukamata tu kile ambacho kiini, ule uzito uliofungiwa ndani, kimeipelekea, wakaanza kuchonga viini vya kila sura: vya duara, vya umbo la chupa, vya umbo la globu ya taa, vingine vyenye mabega upande mmoja kama mtu aliyebeba mzigo.

Kiini kinafanya mambo mawili. La kwanza ni kuamua tufe litaanza lini kuzunguka kwa bidii. Uzito ukiwa umejikusanya kitovuni, tufe huamka mapema. Ukisogezwa karibu na ngozi, huchelewa, na hilo linamfaa mchezaji anayekabiliana na mafuta machache. Shirika linalosimamia mchezo huu Marekani limeweka mipaka: kipimo cha umbali wa uzito kutoka mhimili wa mzunguko kisipungue inchi 2.46 wala kisizidi 2.80. Tufe ambalo lingekuwa la kitu kimoja tu, bila kiini chochote, lingesoma 2.7 na ushee. Kwa hiyo ulimwengu mzima wa viini, pamoja na matangazo na mabishano yake, umo katika nafasi isiyofika sentimita moja.

La pili ndilo lililonivutia zaidi. Kiini kisichokuwa duara kamili hufanya tufe liwe na mihimili inayotofautiana: likizungushwa hivi linakubali upesi, likizungushwa vile linakuwa zito. Tufe la namna hiyo haliridhiki na mhimili liliopewa na mkono. Likiwa njiani huuhamisha polepole, na kila mzunguko hukanyaga ubao kwa sehemu mpya ya ngozi ambayo bado haijaguswa na mafuta. Mchezaji akiliangalia baadaye huona pete za mafuta zimeachana, kila mzunguko na pete yake. Tufe lenye kiini cha duara hurudia kukanyaga palepale palipokwisha kulowa, nalo huteleza hadi mwisho. Tofauti kubwa inayoruhusiwa kati ya mihimili hiyo ni inchi 0.060, yaani milimita moja na nusu. Kwa milimita hiyo moja na nusu watu wameandikiana sheria, wamejenga maabara, na kuanzia Agosti 2020 wamepiga marufuku tundu la ziada ambalo wachezaji walikuwa wakilitoboa ili kuusogeza uzito.

Haya yote ni kwa ajili ya mchezo wa kuangusha vipande vya mti.

Sasa turudi nyumbani, ambako somo hili limewekwa hadharani kabla hajazaliwa mtu wa kulisoma. Mwanza ni jiji la mawe. Mgeni anayefika huanza kwa kuuliza nani aliyeyapanga, jiwe juu ya jiwe, mengine yameegemea kwenye ncha kana kwamba yatashuka usiku huu huu juu ya mabati ya watu wa Mabatini au Bugando. Hakuna aliyeyapanga. Miamba hii ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Ilipokuwa bado chini ya ardhi ilipasuka kwa mistari inayokatana, maji yakapenya katika nyufa, na kwa kuwa kona hushambuliwa kutoka pande nyingi kuliko ubapa, kona ndizo zilizooza kwanza. Kilichobaki kati ya nyufa ni viini vya mviringo, vigumu. Mvua ikauondoa udongo uliooza, viini vikashuka taratibu na kukaa juu ya vingine pale vilipokuwa. Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini karibu na gati la vivuko vya Kamanga na ambalo Wajerumani walilibandika jina la chansela wao, ni masalio ya kazi hiyo. Limesimama kwa sababu uzito wake unaangukia ndani ya kitako chake, wala si kwa muujiza wala kwa saruji.

Lakini jiwe ninalolipenda kuliko hilo liko Ukara, kisiwa kilicho kaskazini ya Ukerewe. Wenyeji huliita jiwe linalocheza, na hulitunza kwa heshima na taratibu zao. Linatikisika, kisha linarudi mahali pake. Wageni huvuka maji kwenda kulitazama, na wengi hurudi wakisimulia ajabu. Mimi naona ajabu kubwa zaidi ni kule kurudi. Kitu kikubwa kikiinama tunatarajia kianguke. Hiki kinajirudisha chenyewe.

Sababu inaeleweka. Jiwe lenye kitako cha mviringo likisukumwa upande mmoja, mahali linapogusa chini huhamia upande huohuo. Kitovu cha uzito wake kikiwa chini vya kutosha, mguso utakuwa umesogea zaidi ya kitovu, na hapo uzito wenyewe ndio unaolirudisha. Kitovu kikiwa juu mno, chenyewe ndicho kitakachotangulia, na hakuna wa kulizuia tena. Kutoka nje mawe hayo mawili yanaweza kufanana kabisa.

Meli ni jiwe la Ukara lililowekwa majini. Ikiinama, maji yanayoibeba hubadilika sura: upande uliozama hubeba zaidi, upande ulioinuka hubeba kidogo, na nguvu ya kubebwa huhamia kule ilikoinamia. Ikiwa nguvu hiyo imesogea kupita kitovu cha uzito, meli hurudishwa. Ikiwa kitovu cha uzito kimepandishwa juu kiasi kwamba ndicho kinachotangulia, meli haina namna. Mfaransa Pierre Bouguer aliyaandika haya kwa hesabu kamili mwaka 1746, baada ya kurudi kutoka milima ya Andes alikokwenda kupima umbo la dunia. Mabaharia wa pwani yetu waliyajua kwa mikono yao bila hesabu: jahazi likiwa halina shehena, hulitia farumi ya mawe au mchanga chini kabisa, kwa sababu chombo chepesi chenye mlingoti mrefu huenda mrama hata kwa upepo mdogo. Uzito huohuo uliokishusha chombo majini ndio unaokisimamisha, mradi uwe chini.

Kuna jambo moja katika elimu hii linalonitisha kila ninapolikumbuka. Chombo chenye uzito chini kikipigwa na wimbi hurudi haraka, kwa mshtuko, na abiria hulalamika kwamba nahodha hajui kazi. Chombo kilichopandishwa uzito juu huyumba polepole, kwa madaha, na hukawia kidogo kabla ya kurudi. Abiria husinzia. Chombo kinachobembeleza ndicho kilicho karibu na kupinduka. Nahodha mzoefu huhesabu sekunde za kuyumba na kujua kilichomo. Sisi tuliokaa juu na vikapu vyetu tunaona raha.

Hata namna ya kupima ni ileile. Ili kujua uzito umekaa wapi ndani ya tufe la bolingi, wapimaji hulibembeza kwenye kifaa na kusoma muda wa kila bembea. Ili kujua uzito umekaa wapi ndani ya meli, wahandisi huitia kwenye maji matulivu, huhamisha mizigo inayojulikana kilo zake kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine, na timazi iliyoning'inizwa ndani huonyesha imeinama kiasi gani. Hakuna anayepasua kitu. Kinachofichwa na umbo hufichuliwa na mwendo.

Ila tufe lina nafuu moja ambayo meli haina: kiini chake hakihami. Chukua yai bichi na yai la kuchemsha, yazungushe mezani. La kuchemsha litazunguka vizuri. Bichi litasitasita na kuyumba, kwa sababu kilichomo kina safari yake. Chombo cha majini daima ni yai bichi. Maji yakiingia ngamani na wavuvi wa dagaa wakachelewa kuyafua, kila mtumbwi unapoinama maji hukimbilia upande huohuo na kuuongezea mwinamo. Magunia yasiyofungwa hufanya vivyo hivyo. Na kuna shehena moja inayohama kuliko maji na magunia, yenye miguu, macho na haraka ya kushuka: watu.

Nasita kuliweka tufe la mchezo na makaburi ya Igoma, walikozikwa waliokufa na meli ya MV Bukoba, katika maandishi mamoja. Lakini hesabu haina aibu hiyo, na nadhani kuinyamazia ni kosa kubwa zaidi. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikiwa inakaribia kumaliza safari yake kutoka Bukoba kwa njia ya Kemondo hadi Mwanza. Ilijengwa kwa ajili ya abiria 430. Orodha ilionyesha watu 443 katika daraja la kwanza na la pili peke yake. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliokufa ni zaidi ya 800, na wapo wanaosema walikaribia 1,000. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Ilipopinduka haikuzama papo hapo; ilielea kifudifudi, ikibebwa na hewa iliyobaki ndani yake. Waokoaji walipokata tundu kwenye kitako chake ili kuwafikia walionaswa, hewa ilitoka, na meli ikashuka. Hata hapo, kilichokuwa kikiwashikilia walio hai ni kitu cha ndani kisichoonekana.

Miaka 22 baadaye, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugolora, Ukerewe, kwenda Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache kufika gatini. Watu 228 walikufa, 41 waliokolewa. Mmoja wao, fundi wa mitambo, alitolewa akiwa hai siku mbili baadaye kutoka katika chumba kilichokuwa bado na hewa. Taarifa za siku zile zilisema kwamba abiria walisogea upande mmoja wakijiandaa kushuka.

Jumlisha watu hao utapata 269, zaidi ya mara mbili na nusu ya uwezo wa kivuko, na ndivyo tulivyozoea kuisimulia ajali ile: walizidi. Ni kweli walizidi, na anayeuza tiketi kupita kiasi hana utetezi. Ila idadi peke yake haielezi kwa nini kilipinduka pale, dakika zile, baada ya kuwa kimekwisha kuvuka karibu maji yote na mzigo uleule. Idadi haikubadilika kati ya Bugolora na Ukara. Kilichobadilika ni mahali. Watu waliosimama wana uzito wao juu, kwenye viuno, siyo kwenye nyayo. Ukiwajaza kwenye sitaha umekwisha kukipandisha kitovu cha chombo kizima. Chombo kilichoelemewa pia hukaa chini zaidi majini, na ukingo wake huwa karibu na wimbi. Hapo kimebakiza kusukumwa kidogo tu, na msukumo ukatoka kwa abiria wenyewe, waliokuwa wakifanya jambo ambalo kila mmoja wetu amelifanya: kuinuka mapema ili awahi kushuka.

Ndiyo maana nasema kwamba kibao cha kivukoni kilichoandikwa "Abiria 100" kinatuambia nusu ya habari. Watu 100 walioketi chini ni chombo kimoja. Watu 100 haohao waliosimama ubavuni, na mikungu ya ndizi imepangwa juu ya paa, ni chombo kingine kabisa, ingawa mizani ya bandari ingesoma kilo zilezile. Mchezaji wa bolingi asingekubali kuuziwa tufe lililoandikwa uzito tu. Angeuliza kiini chake kikoje, naye muuzaji angemwonyesha namba hadi sehemu ya elfu ya inchi. Mama wa Ukara anayekwenda gulioni na debe lake la dagaa hana wa kumuuliza, na hata angeuliza angeonekana msumbufu.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Ukara imepelekewa kivuko kikubwa zaidi. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na maelfu wanaokwenda Sengerema na Geita sasa wanavuka bila kumtegemea nahodha. Katika bandari ya Mwanza Kusini imejengwa MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6, abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliyoshushwa majini Februari 2023. Nimeitazama kutoka ng'ambo na kufurahi kama kila mtu wa hapa. Lakini hakuna daraja litakalofika Ukara kesho, wala Gozba, wala visiwa vidogo vinavyohudumiwa na boti za mbao ambazo hata kibao cha idadi hazina. Na meli yenye ghorofa nyingi inahitaji nidhamu ya mzigo kuliko ile yenye sitaha moja, kwa sababu ina mahali pa juu pengi pa kuweka vitu na watu.

Wanaosimamia usafiri wa majini wanayo michoro ya meli na vivuko hivi na matokeo ya vipimo vyake; chombo hakipewi cheti bila hivyo. Naomba kitu kidogo: kile kilichomo kwenye mafaili kiandikwe gatini kwa Kiswahili cha kawaida, chini ya ile idadi. Mizigo mizito ikae wapi. Wangapi wanaruhusiwa ghorofa ya juu. Nini hakipandi juu kabisa. Karani wa mizigo apewe mamlaka ya kukataa gunia lililowekwa pasipo mahali pake, hata kama nafasi ya kilo bado ipo. Na walimu wa fizikia wa Nansio na Bugolora, wanaofundisha kitovu cha uzito kwa kuchora pembetatu ubaoni, wawapeleke wanafunzi wakalitazame jiwe linalocheza, kisha wawateremshe mwaloni wakatazame mitumbwi inavyopakiwa.

Na wewe msafiri, kivuko kinapokaribia gati, kaa ulipokaa mpaka kamba ifungwe.